Somo Ndani ya Mkono wa Gauni

Fundi hakuwa mwizi. Hilo alilisema mwenyewe mara nyingi, akiwa ameinama juu ya cherehani yake na kipande cha uzi mdomoni. Yeye alikuwa mtu wa kushona. Ila kati ya watu waliovaa nguo zake, watatu walikuwa wezi wa mchana kweupe, na makoti yao alikuwa amewashonea yeye, huku akijua vizuri yanakwenda kufanya nini. Ukitaka kumwita mwizi, mwite. Ukimwita fundi, ataitika haraka zaidi.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika safu ya maduka, chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ndani mlikuwa na cherehani ya miguu aliyorithi kwa shangazi yake, meza ya kukatia yenye mguu mmoja uliotiwa kipande cha ubao, pasi ya mkaa, na kioo chenye ufa. Wateja aliwaambia kioo kile kinanenepesha, ili nguo ikiwabana wasimlaumu yeye. Chini ya dirisha kulikuwa na kigoda. Kigoda hicho kilikuwa cha Korongo, na mteja aliyethubutu kukikalia aliombwa kwa adabu asimame.

Korongo aliitwa hivyo kwa ajili ya miguu. Alikuwa mrefu hata milango ya watu ilimwonea, na alipokaa kwenye kigoda magoti yake yalimfika kidevuni. Yeye na Fundi walikuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza. Mwalimu wao alikuwa na mkono mwepesi wa kuchapa viganja, na Korongo alizoea kunyoosha vyake hata kwa makosa ya mwenziwe. "Vyako vya kushonea," alimwambia. "Vyangu havina kazi." Basi wakakua hivyo, mmoja akashika sindano, mwingine asishike kitu chochote kilicho chake.

Kila asubuhi Korongo alikuja, akakaa, akapiga soga mpaka saa sita. Hakuwahi kusaidia hata kuokota kifungo. Alitazama tu mikono ya Fundi ikienda na kurudi, kama watu wengine wanavyotazama moto. Kisha alinyanyuka, akavaa koti lake, akasema, "Haya, ndugu yangu, ngoja nikaitafute riziki," na wote wawili wakajua riziki hiyo ilikuwa kwenye rafu za watu.

Genge lao lilikuwa la watu wanne. Bosi alipanga. Dereva alingoja kona ya mtaa bila kuzima injini. Korongo aliingia dukani saa nane mchana, wakati wenye maduka wameshiba na macho yamewalegea. Fundi alibaki chumbani na mashine yake, lakini bila yeye hakuna ambaye angetoka na kitu, maana makoti yale yalikuwa na mifuko kumi na miwili ndani ya bitana, kila mfuko na kipimo chake, umewekewa kitambaa kizito ili kitu kisigongane na kitu. Ungemkumbatia mtu aliyevaa koti lile usijue amebeba nini.

Walikuwa na sheria moja, na aliyeitunga alikuwa Bosi: aliye nje hamjui aliye ndani. Mmoja akikamatwa, wenzake wasimtembelee, wasimtumie salamu, wasipite hata barabara ya gereza. Mgeni wa mfungwa huandikwa jina, na jina moja huita la pili. Wote wanne waliiapia.

Bosi alikuwa amemwonya Fundi juu ya jambo jingine pia. "Hii mifuko ishone ovyo ovyo," alisema. "Nani atatazama ndani ya bitana?"

"Mimi," Fundi alijibu, na siku mbili hakumsemesha.

Shangazi yake alimfundisha kwamba mshono usiofungwa ni sawa na mlango ulioachwa wazi. Kwa hiyo Fundi kila alipofika mwisho wa mshono alirudi nyuma hatua tatu, akaenda mbele mbili, kisha akachukua sindano ya mkono akauficha mkia wa uzi ndani ya kitambaa. Mafundi wengine wa mtaa ule walirudi mbili wakakata, maisha yakaendelea. Yeye hakuweza. Hata mfuko wa kuibia aliufunga kama nguo ya harusi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na safari hii kilikuwa nguoni kweli.

Asubuhi ya siku ile mbaya Fundi alikuwa amenuna. Alichelewa kuamka, mteja mmoja akaja akakuta mlango umefungwa, akapeleka kitambaa chake kwa fundi mwingine. "Usingizi utanifukarisha," alimlalamikia Korongo. Korongo akacheka, akasikiliza, akavaa koti lake, akaenda kwenye duka la saa.

Alijaza mifuko kumi na mmoja bila mtu kukohoa. Alikuwa tayari amegeuka kutoka alipoiona saa ndogo ya mezani, ile ya kengele ya kuamshia. Bosi hakuiagiza. Korongo alimkumbuka rafiki yake, akaichukua, akaitia kwenye mfuko wa kumi na mbili. Hatua tatu kabla ya mlango ikalia.

Mifuko kumi na mmoja ilikuwa kimya kama maji mtungini. Wa kumi na mbili ulipiga kelele mpaka muuza duka akaamka, akaruka kaunta na kumshika Korongo ukosi. Dereva alipoona watu wanakimbilia mlangoni alitia gia akaondoka, na kufikia jioni Bosi hakuwa tena mjini.

Mpelelezi aliyepewa kesi ile alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye suruali ndefu kuliko miguu yake. Saa hazikumshughulisha. Alilitandaza koti mezani, akapindua bitana, akautazama mshono kwa muda mrefu, kisha akaita mafundi sita wa mtaa ule waje mahakamani kutoa ushahidi. Fundi alikuwa wa nne kwenye mstari.

Tuseme kweli bila kumpaka mafuta: aliogopa. Alikaa kwenye benchi la mashahidi, mikono ameibana katikati ya magoti, akamsikiliza fundi wa kwanza akisema mshono ule si wake, fundi wa pili akisema si wake, na wa tatu akianza kugeuza shingo kumtazama jirani yake. Aliwaza kwamba akiitwa atasema kweli. Dakika ile ile akawaza kwamba hatasema.

Korongo akasimama kizimbani bila kuulizwa. "Mheshimiwa," alisema, "msiwasumbue mafundi wa watu, wana kazi zao. Koti hilo nimelishona mwenyewe."

Mwendesha mashtaka alitabasamu, akaomba cherehani iletwe. Ikaletwa moja kutoka stoo ya mahakama, imejaa vumbi. "Haya, bwana fundi," alisema. "Tutungie uzi, utushonee mstari mmoja."

Fundi alifumba macho. Korongo, tangu azaliwe, hakuwahi kutunga hata sindano ya kushikiza kifungo.

Alipofumbua aliona kitu ambacho hakukisahau tena. Mikono ile mirefu ilichukua uzi, ikaupitisha kwenye tundu la juu, ikaushusha kwenye kikaza uzi, ikaupandisha kwenye ndoano, ikaushusha tena, ikaulowesha ncha ulimini, ikautunga. Haikukosea hata mahali pamoja. Miaka yote ile ya kukaa kwenye kigoda, akipiga soga huku akitazama, jicho lilikuwa limehifadhi kila kitu. Korongo akakanyaga. Mstari ulikwenda mrama kama mtu aliyelewa. Lakini alipofika mwisho alirudi nyuma hatua tatu, akaenda mbele mbili, akaomba sindano ya mkono, akauficha mkia wa uzi.

Mpelelezi aliinama, akautazama mshono ule. Hakimu alisema kwamba wizi wa mtu huyu ulistahili miaka mitano, lakini kwa kuwa alikaa akajishonea kabisa chombo cha kuibia, ataongezewa miwili. Mafundi waliambiwa waende nyumbani. Fundi akaenda, na ile miaka miwili akaenda nayo, kwa sababu alijua ni ya nani.

Sasa gereza likiambiwa limeletewa fundi cherehani, litampeleka wapi? Korongo alipelekwa karakana ya kushona, akapewa mashine, na kitambaa cha sare kikarundikwa mbele yake. Mkuu wa karakana alikuwa mtu wa macho makali. Siku atakayogundua kwamba fundi wake hajui hata kutia mkono kwenye shati, swali lingerudi mahakamani: basi koti alishona nani? Wiki ya kwanza Korongo alijidunga kidole kwa makusudi, akafungwa bendeji. Wiki ya pili akashika tumbo. Ya tatu aliomba apewe kazi ya kushikiza vifungo, eti anapenda kuanza chini.

Mama yake alikuwa mjane wa miaka sitini, mfupi na mnene. Watu walishangaa mtoto yule alimtoa wapi. Alikuwa mfua nguo, na alimwita Fundi mwanangu tangu utotoni, alipokuwa akija kwake kula makombo. Yeye hakuwa wa genge, kwa hiyo sheria ya Bosi haikumhusu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikwenda kumwona mwanawe. Jumamosi ya kwanza kabisa alirudi, akapita moja kwa moja kwa Fundi, akakaa kwenye kigoda. Fundi hakumwomba asimame.

"Mwanangu ana maneno ya ajabu," alisema. "Hakuniuliza habari ya nyumba wala ya mgongo wangu. Ananiambia, 'Mama, mwambie fundi wa pembeni akushonee gauni la mikono mirefu. Na mikono aitie vizuri, nataka nione ilivyotiwa.'"

"Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Alinirudisha mara mbili niseme tena."

Fundi alilala chali kwenye meza ya kukatia muda mrefu baada ya Mama kuondoka. Kisha akaelewa, akainuka kama amechomwa.

Gauni alilolishona lilikuwa na ajabu moja. Mkono wa kulia ulikamilika, safi, wa kuvaliwa popote. Mkono wa kushoto kwa nje ulikuwa vile vile, lakini ndani Fundi aliacha kila kitu wazi: uzi mweupe wa kushikiza haukutolewa, alama za chaki zilibaki, mahali pa kukusanya kitambaa begani palionyesha mkusanyo wenyewe, na kando yake alishona vidoti vidogo, kimoja, viwili, vitatu, kuonyesha kipi kinaanza na kipi kinafuata. Kushoto njia, kulia mwisho wa safari.

"Usiuguse uzi huo mweupe, Mama," alimwambia. "Ukimfikia, mpe mkono wa kushoto."

Mama alimtazama, akasema sawa.

Katika chumba cha wageni cha gereza, walinzi waliona jambo la kutia huruma. Mfungwa mrefu alikaa mbele ya mama yake, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, akampindulia mkono wa gauni taratibu mpaka kwenye kiwiko na hata zaidi, akainamisha kichwa, akakaa hivyo nusu saa. "Yule anampenda mama yake," walinzi walisema. Na kweli alimpenda. Ila wakati ule alikuwa akihesabu vidoti.

Mwezi uliofuata likaja swali la ukosi. Kisha mfuko wa kifuani. Kisha tundu la kifungo, ambalo Fundi alilirudia kwenye magauni matatu, maana majibu yalikuwa yakirudi na malalamiko: "Anasema bado linafumuka. Anasema eti umwonyeshe polepole, yeye si wewe." Ilipokuja oda ya suruali za askari na zipu zake, Fundi alikwaruza kichwa siku nne. Mwishoni Mama alikwenda gerezani na zipu ya suruali ndani ya mkono wa gauni, kutoka kwapani hadi kiwikoni. Alipoulizwa na mlinzi alisema ni mtindo mpya, joto likizidi unafungua.

Mtaani hawakukaa kimya. Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alihesabu magauni ya Mama Korongo mpaka vidole vikamwishia. "Kila mwezi gauni jipya," alimwambia Fundi siku moja akimpimia mkaa wa pasi. "Mwana kafungwa, mama kapambwa. Tuambie tu tarehe ya ndoa, tuanze kujiandaa."

"Nitakualika," Fundi alisema. "Wewe ndiye utakayeshika shada."

Mwaka wa pili Bosi alirudi mjini na kitambaa kizuri cha makoti kwapani. Alikuta kigoda kitupu, akakikalia. Fundi alimwambia asimame. Bosi akacheka, akasema mambo yameshapoa, Dereva yupo, kinachohitajika ni mtu mwingine mwembamba na makoti mapya. Fundi alimuuliza kama amewahi kumwona mama yake Korongo tangu siku ile. Bosi alikumbusha sheria. "Sheria naijua," Fundi alisema. "Chukua kitambaa chako." Hawakuonana tena, na kwa kweli hakuna aliyepungukiwa.

Yaliyomkuta mwaka wa tatu hayakupoa vivyo hivyo. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mpelelezi aliingia na suruali mbili za rangi moja, akamwomba amkunjie miguu ya moja, imemzidi urefu. Fundi, tangu kesi ile, alikuwa amejifundisha kwa taabu kubwa kurudi hatua mbili tu kama mafundi wengine. Lakini mpelelezi alisimama pale pale begani kwake, akipumua taratibu, na Fundi alipoingiwa na hofu mikono ilikimbilia ilikozoea. Alipokata uzi aliona alichokifanya: tatu nyuma, mbili mbele, mkia umefichwa.

Mpelelezi alipindua pindo, akalitazama. "Kazi safi," alisema. "Hii ya pili nitaipeleka gerezani Jumatatu. Nitamwomba yule bwana mrefu anikunjie, nikiwa nimekaa mbele yake. Nataka kulinganisha."

Fundi alibaki ameshika mkasi. Korongo alijua mikono, ukosi, mifuko, vifungo na zipu. Kukunja mguu wa suruali hakuwahi kuulizwa, kwa sababu sare za karakana zilikunjwa na mfungwa mwingine. Mambo ya pindo yana siri zake, mguu wa suruali si bomba, unapanuka, na asiyejua hupata makunyanzi ambayo hata kipofu angeyaona kwa kidole. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa keshokutwa.

Mama alikuja adhuhuri kuchukua gauni la mwezi ule, akalikuta linafumuliwa.

"Mama," Fundi alisema. "Kuna jambo sijakwambia. Lile koti la Korongo..."

"Fundi."

"Niache niseme, Mama. Mimi ndiye..."

"Shona, mwanangu," Mama alisema. "Nitaondoka Jumamosi mapema." Akavuta kigoda karibu, akaanza kumtungia sindano, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye mto wa sindano.

Gauni lile lilikuwa kituko. Mkono wa kushoto ulikunjwa mwishoni kama mguu wa suruali, mpana, mzito, na ndani yake Fundi alifungua kila hatua: mahali pa kukata mshono wa pembeni ili kitambaa kipumue, mahali pa kukunja mara ya kwanza na ya pili, sindano ipite wapi isionekane nje, uzi ukazwe kiasi gani. Alishona vidoti kumi na saba. Mwisho kabisa aliweka tatu nyuma, mbili mbele. Mama akaenda nalo. Aliporudi Jumamosi jioni alisema neno moja tu, kwamba mtoto ameonekana kuchoka macho.

Jumatatu yote Fundi hakushona. Jumanne asubuhi alioga, akavaa shati lake jeupe, akafunga chumba, akamwachia muuza mkaa ufunguo. Alikuwa ameamua. Ikiwa Korongo ameumbuka, yeye atakuwa ameshafika kituoni kabla hawajamfuata. Ikiwa hajaumbuka pia atasema, kwa sababu ule mstari wa mashahidi ulikuwa haumpi usingizi, na yeye zamani usingizi ulikuwa haumwishi.

Mpelelezi alikuwa ofisini peke yake. Juu ya meza zilikuwa suruali mbili, zimetandazwa, zimepinduliwa nje ndani. "Nilijua utakuja," alisema. "Kaa. Niambie ipi yako."

Fundi aliinama. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili. Pindo lilikuwa sawa, mwendo sawa, uzi umekazwa sawa. Tatu nyuma, mbili mbele, mkia umefichwa. Machozi yalianza kumlenga, na hayakuwa ya hofu. Baadaye sana alikubali kwamba alizitambua, maana moja ilikuwa nadhifu kuliko nyingine, na ile nadhifu haikuwa yake.

"Sijui, afande," alisema.

"Hata mimi sijui. Nilizichanganya njiani nikashindwa kuzitenganisha. Miaka ishirini na sita ya kazi, sijawahi kuona watu wawili wana mkono mmoja."

"Afande, nimekuja kusema kwamba siku ile mahakamani, mimi..."

"Ngoja." Mpelelezi alianza kukunja suruali zake, mguu juu ya mguu, polepole. "Siku ile mtu mmoja alisema yeye ni fundi. Mimi sikuamini. Jana nimekaa mbele yake nikamwona. Ni fundi. Kama siku ile ulikuwa uongo, sasa ni kweli, na mimi siwezi kwenda kwa hakimu kumwambia ukweli uliingia kwa kuchelewa." Akazitia suruali kwenye mfuko. "Yeye aliamua jambo lake mbele ya watu. Ukisema unachotaka kusema, utakuwa unamwibia. Nenda ukafungue duka."

Fundi alisimama mlangoni kwa muda, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho. Kisha akaenda akafungua duka.

Magauni yaliendelea, ingawa maswali yalipungua. Mwaka wa nne gauni moja lilikwenda na somo la bitana, na jibu likarudi: "Anasema hivyo anajua. Anasema kuna njia ya mkato, kaivumbua yeye." Mama alionyesha kwa vidole, hewani, alivyoonyeshwa. Fundi alijaribu kwenye kipande cha kitambaa. Njia ilikuwa bora kuliko ya shangazi. Alicheka peke yake mchana kutwa, na muuza mkaa akasema mapenzi hayo sasa yamefika kichwani.

Mkuu wa karakana aliandika barua ya kumsifu fundi wake. Kwa barua ile, na kwa tabia njema, Korongo alipunguziwa mwaka mmoja na miezi minne. Ile miwili ya Fundi haikufutika yote. Ilibaki miezi minane, na Fundi aliijua idadi yake kuliko alivyojua umri wake.

Korongo alitoka gerezani asubuhi ya siku ya kazi. Alifika chumbani saa nne, akainama mlangoni kwa mazoea, akasimama. Nywele zilikuwa zimeingia mvi juu ya masikio. Fundi alikuwa ameandaa hotuba. Aliisema mbele ya kioo chenye ufa kwa wiki nzima, na sasa haikubaki hata sentensi moja. Alikuwa ameshika uzi na sindano, akijaribu kuutunga kwa mara ya sita, maana macho yake nayo yalikuwa yameanza kumwacha.

Korongo hakukikalia kigoda. Alikwenda kwenye cherehani, akazungusha gurudumu, akasikiliza. "Huyu bibi hajatiwa mafuta tangu lini?" aliuliza. Kisha akamnyang'anya Fundi sindano, akatunga uzi mara moja, akamrudishia.

"Korongo," Fundi alisema. "Siku ile nilipaswa kusimama."

"Siku ipi?"

"Unaijua. Nilikaa kwenye benchi kama gogo. Miaka ile uliyoongezewa..."

"Ungesimama," Korongo alisema, "mimi ningefundishwa na nani?"

Fundi alilia. Hakujificha, hakusingizia moshi wa pasi. Korongo alivuta kigoda, akamkalisha rafiki yake juu yake, akasimama karibu naye, mkono begani, mpaka alipomaliza. Kisha akauliza kama bado anachelewa kuamka. Fundi akasema bado. "Basi nitakuwa nakuja kukugongea," Korongo alisema. "Mambo ya saa nimeyaacha."

Wakati wa adhuhuri Mama aliingia, amebeba kitambaa kipya cha bluu yenye maua madogo. Alikitupa juu ya meza ya kukatia, akaweka mikono kiunoni, akawatazama wote wawili kama anavyotazama nguo zisizotakata.

"Miaka mitano na ushei nimevaa darasa," alisema. "Nimetembea na uzi mweupe kwapani, nimevaa zipu ya mwanamume mkononi, nimeitwa bibi harusi mtaa mzima. Mlidhani mimi sioni ninachovaa? Sasa nishoneeni gauni lisilo na somo ndani."

Walilishona mchana ule ule. Fundi alikata, akashona mkono wa kulia taratibu, kitambaa karibu na pua. Korongo alishona wa kushoto. Muuza mkaa alivuka barabara kwa kisingizio cha kuulizia pasi, akabaki amesimama mlangoni mpaka gauni likaisha.

Mama alipopewa gauni hakulivaa kwanza. Alipindua mkono wa kulia, akautazama. Akapindua wa kushoto, akapitisha kidole ndani yake polepole, kuanzia begani hadi mwisho, akitafuta uzi mweupe, kidoti, alama ya chaki. Hakukuwa na kitu. Mishono yote ilikuwa imefungwa.

"Hili naweza kulivaa nikaenda popote," alisema, akaingia nyuma ya pazia kubadilisha.